Lango la Chuma na Mlango wa Nyumba



Jioni moja, baada ya mafundisho, mama mmoja wa darasa la ubatizo alikawia nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Akamweka mtoto wake vizuri mgongoni, akatuuliza: "Mwalimu, sisi tukiomba usiku, sauti zetu ni ndogo, na nyumba yetu ni ya udongo. Maneno yale yakitoka pale huenda wapi? Nani huyapokea? Na jibu likija, huletwa na nani?"

Tukamjibu kwa kifupi ya kwamba Mungu mwenyewe husikia, wala hana haja ya mtu wa kumpelekea habari. Jibu hilo ni la kweli. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tukaona ya kuwa tumemjibu nusu tu, maana Maandiko yenyewe hutaja wajumbe wa Mungu, tena mara nyingi, katika habari za watu waliokuwa wakiomba. Kwa hiyo tumekusudia mwezi huu kuandika juu ya kazi ya malaika katika maombi yetu, kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya waalimu wenzetu ambao huulizwa maswali kama hayo nao hawana nafasi ya kuyafikiri.

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili. Yako mambo yaliyoandikwa, na yako mambo tunayoyawaza sisi wenyewe. Yaliyoandikwa ni kama mwamba. Tuyakanyage pasipo hofu. Tunayoyawaza ni kama daraja la miti. Laweza kutuvusha, lakini hatujengi nyumba juu yake. Tutakapowaza, tutasema wazi kwamba twawaza.

Basi imeandikwa nini? Katika kitabu cha Ufunuo, sura ya 8, Yohana alimwona malaika amesimama penye madhabahu, mwenye chetezo cha dhahabu, akapewa uvumba mwingi autie pamoja na maombi ya watakatifu wote, na moshi wake ukapanda mbele za Mungu. Sisi tukaao karibu na pwani twajua chetezo. Mtu akifukiza udi chumbani, harufu hutoka mpaka barazani, na mpita njia huisikia asimwone afukizaye. Tena angalieni kwamba Yohana hakusema maombi ya mitume peke yao, wala ya wenye elimu peke yao, bali ya watakatifu wote. Basi maneno ya mama yule hayakupotelea katika makuti ya nyumba yake. Yametiwa katika chetezo kimoja na maneno ya Petro na Paulo.

Imeandikwa pia habari ya Danieli, katika sura ya 10 ya kitabu chake. Mwaka wa tatu wa Koreshi, mfalme wa Uajemi, Danieli aliomboleza majuma matatu mazima. Hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai, wala hakujipaka mafuta. Hata siku moja alipokuwa kando ya mto mkubwa Hidekeli, akatokewa na mjumbe. Mjumbe yule akamwambia ya kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, ila yeye aliyetumwa alizuiwa njiani siku 21, mpaka Mikaeli alipokuja kumsaidia. Danieli hakujua neno hili. Yeye aliona siku 21 za kimya tu. Na sisi tukiomba juma moja, mawili, matatu, tusione kitu, tukumbuke ya kuwa kimya cha huku chini si lazima kiwe kimya cha huko juu.

Lakini habari tunayotaka kukaa nayo zaidi leo ni ile ya Petro gerezani, katika Matendo ya Mitume, sura ya 12.

Herode aliyetajwa pale ni yule ambaye waandishi wa historia humwita Agrippa, mjukuu wa Herode Mkubwa. Alikufa huko Kaisaria mwaka 44, na kifo chake hakikuandikwa na Luka peke yake, bali na Josephus pia, mwandishi wa historia ya Wayahudi. Herode huyu alimkamata Petro siku za Mikate Isiyotiwa Chachu, akamtia mikononi mwa vikosi vinne vya askari wanne wanne, ndio askari 16, kumlinda mtu mmoja asiye na hata fimbo. Alikusudia kumtoa mbele ya watu baada ya Pasaka. Na kanisa lilikuwa likimwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili yake.

Usiku ule wa mwisho Petro alikuwa amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, na walinzi wako mlangoni. Malaika akaja, nuru ikaangaza chumbani, na Petro hakuamka! Ikawa lazima apigwe ubavuni. Ndipo minyororo ikamwanguka mikononi.

Hapa na tuwaze kidogo. Twawaza kwamba malaika yule alipokuwa akija alipita juu ya nyumba ya Mariamu, mamaye Yohana aitwaye Marko, ambamo watu wengi walikuwa wamekutana wakiomba. Yamkini aliwasikia, mmoja akilia, mmoja akirudia neno lile lile kwa kuwa maneno yamemwishia, na mtoto mmoja akisinzia magotini pa mamaye. Hakushuka pale kuwatuliza, wala hakuwaambia, "Nyamazeni, nakwenda kumtoa." Agizo lake lilikuwa la gerezani, akaenda gerezani. Nao wakaendelea kuomba gizani, wasijue ya kuwa jibu limekwisha kupita juu ya paa lao. Haya hayakuandikwa, twayawaza. Walakini hayapingani na yaliyoandikwa.

Sasa turudi katika mwamba. Yako mambo manne madogo katika habari ile ambayo tuliyasoma miaka mingi tusiyaone.

La kwanza, minyororo ilianguka yenyewe, lakini viatu Petro aliambiwa avifunge yeye. Malaika awezaye kukata chuma hashindwi na kamba ya kiatu. Hata hivyo alisimama akangoja mtu ajifunge mshipi, avae viatu, ajitupie vazi lake.

La pili, lango la chuma liendalo mjini liliwafungukia lenyewe, maana Petro hakuwa na nguvu za kulifungua.

La tatu, walipokwisha kupita njia moja tu, malaika akamwacha. Mbona hakumfikisha mpaka nyumbani? Kwa kuwa kuanzia pale Petro aliijua njia, na miguu alikuwa nayo.

La nne ndilo kubwa kwetu. Petro alipofika nyumbani kwa Mariamu akapiga hodi, na mlango ule haukufunguka wenyewe. Lango la chuma la Herode lilifunguka, na mlango wa nyumba ya Wakristo ulibaki umefungwa! Akaja kijakazi jina lake Roda, akaitambua sauti ya Petro, na kwa furaha hakufungua, akapiga mbio ndani kuwapasha habari. Nao waliokuwa wakiomba usiku kucha ili Petro atoke wakamwambia Roda ana wazimu. Aliposhikilia neno lake, wakasema huyo ni malaika wake. Waliona ni rahisi kusadiki kwamba malaika yuko mlangoni kuliko kusadiki kwamba jibu la maombi yao liko mlangoni. Na Petro akazidi kugonga.

Hapo ndipo tunapoona desturi ya malaika. Hufanya lile ambalo mtu hawezi kulifanya, na lile ambalo mtu aliweza humwachia mtu. Tafuteni katika Maandiko, mtaiona mahali pengi. Hajiri alipokuwa jangwani, maji yakamwishia katika kiriba, akamweka mtoto chini ya kijiti, akaketi mbali asimwone akifa. Malaika akamwita kutoka mbinguni, na Mungu akamfumbua macho akaona kisima. Lakini hatusomi kwamba malaika alimletea maji kinywani. Hajiri mwenyewe alikwenda akakijaza kiriba, akamnywesha kijana wake.

Kornelio naye, yule akida wa Kaisaria, aliona malaika yapata saa tisa ya mchana, saa ile ile ambayo sisi twaiita saa tisa, jua likiwa limepinduka. Malaika alimwambia kwamba sala zake na sadaka zake zimefika mbele za Mungu. Kisha akamwelekeza kama vile tumwelekezavyo mgeni kijijini: apeleke watu Yafa, wamwulize Simoni aitwaye Petro, akaaye kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba yake iko pwani. Mbona malaika asimhubiri Injili papo hapo? Aliijua njia, aliijua nyumba, hata kazi ya mwenye nyumba aliijua. Lakini kuhubiri aliwekewa Petro, mwenye ulimi wa nyama na miguu yenye vumbi. Malaika alileta habari ya mahali tu; na watu wakatembea siku nzima na zaidi, kwenda na kurudi, ili jibu lipate kufika.

Wapenzi, sasa tutawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe. Hatulisemi kwa kujisifu, na mtakapolisoma mtaona kwa nini.

Tulipokuwa tungali waalimu vijana, masika moja, mtoto wetu wa tatu, msichana wa miaka minne, alishikwa na homa. Usiku wa pili akapata degedege. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa, unapita na magogo. Kivuko hakifanyi kazi usiku. Sisi na mama wa watoto tukapiga magoti kando ya kitanda, tukamwomba Mungu amtume malaika wake. Twakumbuka vema maneno yetu. Neno lile "malaika" tulilitaja kwa vinywa vyetu.

Mara mbwa wakabweka, tukasikia hatua katika matope, na sauti ikasema, "Hodi!" Tuliijua sauti ile. Ilikuwa ya jirani yetu, mtu wa mtumbwi, ambaye hatukuamkiana naye misimu miwili kwa ajili ya minazi mitatu ya mpakani. Yeye alisema ni yake, nasi tulisema ni yetu. Hata kanisani tulikuwa tumefundisha juu ya kusamehe, na minazi ile iko pale pale, na kinyongo kiko pale pale.

Basi tuliposikia sauti yake tulinyamaza. Tulidhani amekuja kwa ugomvi, au kwa kutucheka. Akapiga hodi mara ya pili. Tukanyamaza. Akapiga mara ya tatu. Mama wa watoto ndiye aliyeinuka akafungua. Sisi mwalimu tulibaki tumepiga magoti.

Alikuwa amelowa, kandili mkononi. Hakuamkia. Akasema: "Nimemsikia mtoto analia, kisha nimesikia amenyamaza. Kunyamaza kule sikukupenda. Mtumbwi nimekwisha kuufungua. Mleteni."

Akatuvusha. Aliupandisha mtumbwi kwanza kando kando ya ukingo kwa pondo, mbali juu ya gati, kisha akauachia katikati ili maji yatuchukue kwa mshazari mpaka ng'ambo, kama wafanyavyo wanaoujua mto. Mganga wa zahanati aliamshwa, akampima mtoto, akasema ni malaria kali, akamtia dawa. Kulipokucha mtoto akaomba uji.

Wakati wa kurudi tukamwuliza jirani alisikiaje, maana nyumba yake iko mbali na yetu, na mvua ilikuwa ikipiga makuti. Akasema hajui. Alikuwa amelala, akashtuka kama mtu aliyeguswa ubavuni. Alidhani ni panya. Alipokaa kitandani ndipo aliposikia kilio.

Nasi hatusemi ya kwamba ni malaika aliyemgusa. Mwenyewe alisema ni panya. Lakini hili twalijua kwa yakini: tuliomba malaika, akaja jirani, nasi tulimwacha nje katika mvua, akipiga hodi kama Petro. Laiti mama wa watoto angekuwa na moyo kama wetu, jibu la maombi yetu lingalirudi nyumbani kwake likalala. Mto Mungu aliushinda. Mlango wetu alituachia sisi, nasi karibu tuushindwe. Minazi ile tulimwachia jirani baadaye mbele ya wazee, wala hatukuona hasara.

Tungaliishia hapo habari ingekuwa tamu. Lakini haikuishia hapo, na tukiificha iliyobaki tutakuwa tumewadanganya.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani yule, mvulana wa miaka sita, alishikwa na homa ile ile. Safari hii sisi ndio tuliokwenda mbio na taa. Ulikuwa mto ule ule, na mtumbwi ule ule. Baba yake alishika pondo, nasi tulimpakata mtoto. Tulifika mapema kuliko tulivyofika na wetu. Mganga alikuwa yule yule, na dawa ile ile. Nyumbani kwetu Wakristo walikusanyika, wakaomba kwa machozi. Na kabla ya alfajiri yule mtoto akafa. Tukavuka tena mto pamoja naye.

Tulisaidia kuchimba kaburi, tukakaa matanga. Usiku wa tatu, watu wengine walipolala, jirani akatuuliza kwa sauti ya chini, pasipo hasira: "Mwalimu, yule aliyenigusa ubavuni usiku ule kwa ajili ya mwanao, mbona hakuja kwa ajili ya wangu?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye mpaka kulipokucha, basi.

Waalimu wenzetu, swali hilo litawajia nanyi, kama bado halijawajia. Kwa hiyo tulirudi katika ile sura ya 12, na safari hii tukaanza mwanzo wake, mahali ambapo tulizoea kupita upesi. Sura ile haianzi na Petro. Yaanza na Yakobo, ndugu yake Yohana, ambaye Herode alimwua kwa upanga. Herode ni yule yule, mji ni ule ule, na kanisa ni lile lile. Hatuwezi kudhani kwamba kanisa lilimwombea Petro na kumsahau Yakobo. Hata hivyo lango halikufunguka kwa Yakobo. Luka hakuandika sababu. Na sisi tusimwandikie.

Hasa tujihadhari na sababu moja ambayo watu wengi hupenda kuitoa, yaani kwamba aliyefiwa alikuwa na imani ndogo. Tazameni nyumba ya Mariamu. Imani yao ilikuwa kubwa namna gani, wao waliomwita Roda mwenye wazimu? Walikuwa hawasadiki hata jibu lilipokuwa likigonga mlango, na Petro alifunguliwa vivyo hivyo. Basi kama Petro hakutoka kwa ukubwa wa imani yao, nani athubutuye kumwambia mama aliyefiwa ya kwamba mwanawe alikufa kwa udogo wa imani yake? Mwalimu asemaye hivyo huongeza jiwe juu ya kaburi.

Nchi hizi zetu zilifikiwa na Injili kwa njia hiyo ya machozi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine akafa baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata; wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Na mwaka ule ule Krapf alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, kitabu ambacho ndani yake Hajiri aonyeshwa kisima na mtoto wake apona. Twawaza mara nyingi juu ya mtu yule, mikono yake ikiandika habari ya mtoto aliyepona, na wake mwenyewe yuko kaburini. Hakuiacha kazi.

Tena liko neno moja zaidi, nalo ndilo linalotushika mkono. Usiku wa Gethsemane Bwana wetu mwenyewe aliomba aondolewe kikombe, na Luka aeleza kwamba malaika alimtokea. Alikuja kufanya nini? Hakuja na kikombe kingine, wala hakufungua njia ya kutorokea. Alikuja kumtia nguvu. Mathayo naye atuambia kwamba Bwana angaliweza kuomba akapewa majeshi zaidi ya 12 ya malaika, wala hakuomba. Basi tujue ya kuwa malaika huja pia mahali ambapo lango halifunguki. Kazi yake huko ni nyingine. Hukaa na mtu mpaka aweze kusimama. Na hapa twawaza tena, kwa kuwa hayakuandikwa: twawaza kwamba Yakobo naye hakutembea peke yake mpaka penye upanga, na kwamba katika mtumbwi ule uliorudi alfajiri hatukuwa watatu tu pamoja na maiti.

Siku nyingi baadaye tulimweleza jirani habari za Yakobo na za Gethsemane. Alisikiliza mpaka mwisho. Hajabatizwa mpaka leo, wala hatusemi atabatizwa lini. Lakini tangu mwaka ule, usiku wa masika, mtumbwi wake haufungwi kwa mnyororo kama zamani. Huufunga kwa kamba fupi na fundo jepesi, na pondo hulisimamisha karibu na mlango wake. Tulipomwuliza sababu alisema, "Nisije nikaguswa nikachelewa." Watu wengi wa ng'ambo hii wamevushwa usiku kwa fundo lile jepesi.

Kabla hatujamaliza, tuonyane kidogo. Asiwepo mtu atakayesoma haya akaanza kuwaomba malaika, au kuwaabudu. Yohana alipoanguka miguuni pa malaika alikatazwa, wala si mara moja. Na Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya jambo hilo. Sisi twamwomba Baba kwa jina la Mwana, na Baba ndiye atumaye. Wala tusiandike majina ya malaika katika hirizi tukawafunga watoto shingoni, kana kwamba mjumbe wa Mungu ni mbwa wa kufungwa mlangoni. Tena asiwepo mzazi atakayekaa nyumbani na mtoto mwenye homa akingojea nuru ya chumbani, hali zahanati ipo. Kumpeleka mtoto kwenye dawa ni kufunga viatu. Sehemu hiyo tumeachiwa sisi.

Na haya tuyafanye nyumbani mwetu. Mkiisha kuomba jioni, msiinuke upesi, nyamazeni kidogo, mkaulizane, "Je, katika neno hili tuliloliomba, sehemu yetu ni ipi?" Ikiwa mmemwombea mgonjwa, nani atakwenda kumtazama kesho? Ikiwa mmeomba chakula, nani kati ya majirani hana hata hicho kidogo mlicho nacho? Na ikiwa yuko mtu ambaye hamwamkiani naye, mpatane mapema, jua lingaliko. Msingojee usiku wa mafuriko mjue ya kwamba Mungu alikuwa ameweka jibu lenu mikononi mwake.

Waalimu, mkiwafundisha watoto habari hii, mwacheni mtoto mmoja awe Roda, na mmoja awe Petro nje ya mlango, na wengine waombe ndani. Kisha waulizeni: nani alifungua lango la chuma? Na nani alifungua mlango wa nyumba? Wataelewa kuliko sisi.

Mama yule wa darasa la ubatizo tumekwisha kumpa jibu lake lililobaki. Tulimwambia: "Maneno yako hupokewa na Mungu, na wako wamtumikiao usiowaona. Jibu likija, huenda litakuwa na mabawa, na huenda litakuwa na miguu yenye matope. Wewe usikapo hodi, fungua." Akacheka kidogo, akasema nyumba yake haina komeo. Tukamwambia hiyo ni heri yake.

Neema ya Bwana wetu na ikae katika nyumba zenu.

Ndugu yenu na mtumishi mwenzenu,
Mwalimu